Eustadia Mukunde, Aliyepima Akili za Watoto

Baba Padri, wafiwa wenzangu, majirani wa Niboye hapa Kigali, na ninyi mliosafiri kutoka Karagwe, Mbarara na Nairobi, mimi ni Castory, mdogo wake marehemu wa mwisho, na familia imenituma niwasomee maisha yake, nayo nitayasoma kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha inayotukutanisha wote hapa, na kwa kuwa Kinyarwanda changu dada hakuwahi kukisikiliza hata siku moja bila kukisahihisha.

Eustadia alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, Nkwenda, Karagwe, nchini Tanzania, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mutabazi na mama yetu Anastazia, wazazi waliokuwa wamevuka mto Akagera kutoka Rwanda na mkeka mmoja na ndama mmoja, na ndama mwenyewe akafa njiani. Alisoma Shule ya Msingi Nkwenda kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na katika darasa lake alichaguliwa yeye peke yake kwenda sekondari ya wasichana mjini Bukoba, hivyo mtihani wa asubuhi moja ukamtoa kwenye migomba ukampeleka bweni, na tangu hapo dada aliuamini mtihani kama wengine wanavyouamini ubatizo, akisema ndio pekee usiotazama mtu uso, usiouliza huyu ni mkimbizi au ni mwenyeji. Sisi wadogo zake tulilipia imani hiyo, maana kila alipokuja likizo hatukuonja ndizi kabla hajatutajia tarakimu na sisi kuzirudisha kinyumenyume, na mimi nilizoea kula zikiwa zimepoa.

Baada ya chuo cha ualimu na miaka michache ya kufundisha mjini Bukoba, aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, akahitimu mwaka 1989 shahada ya elimu, akijikita katika upimaji, yaani kazi ya kutunga na kusimamia vipimo vinavyoonyesha mtoto ana uwezo gani wa kufikiri na amejifunza kiasi gani. Tarehe 22 Desemba 1990 alifunga ndoa mjini Bukoba na shemeji yetu Rwema, kijana wa Kinyarwanda aliyekulia Mbarara, ambaye tangu mwaka 1995, walipohamia Kigali, alikuwa akiuza vifaa vya ujenzi pale Gisimenti, nao wakajaliwa watoto wawili, Manzi, aliyezaliwa mwaka 1991, na Connie, aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye leo ni mfamasia Nairobi.

Mwaka 1997 aliajiriwa kuwapima watoto wa kituo kimoja cha yatima hapa mjini, ambacho sitakitaja, kwa kipimo kilichotoka nje na kutafsiriwa haraka, na matokeo ndiyo yaliyoamua mtoto yupi aendelee na shule na yupi apelekwe kwenye ushonaji. Miongoni mwa maswali kulikuwa na picha za vitu vyenye upungufu, mtoto aseme kinachokosekana ni nini, na moja ilikuwa picha ya nyumba isiyo na mlango. Msichana mmoja aitwaye Kabagwira aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu, kisha akajibu, “Watu.” Mwongozo ulisema mlango, na mwongozo ulikataza mpimaji kubishana na mwongozo, kwa hiyo dada akaandika sifuri, akageuza ukurasa, na majibu mengine ya mtoto yule yakawa ya namna hiyo hiyo. Alipelekwa kwenye ushonaji, na kabla mwaka haujaisha akatoroka, asionekane tena.

Mimi si mtu wa kuamini vivuli, lakini nasema nilichokiona, kwamba mtoto yule aliingia katika nyumba ya dada yangu na hakutoka. Dada alimtafuta kwenye vituo, kwenye parokia, redioni, na alipomkosa alimtafuta kwa kazi, akatumia zaidi ya miaka ishirini kubomoa vipimo vile na kuvijenga upya kwa picha za vitu ambavyo watoto wa hapa wanavijua, akawafundisha wapimaji vijana, ambao nawaona wamekaa pale nyuma, kwamba mtoto akikosa aulizwe kwanza kwa nini amejibu hivyo. Alisifiwa, alialikwa mikutano ya nje, na hata hivyo kwenye chakula angeweza kuacha kula ghafla na kusema, “Nilijua ni jibu sahihi, Castory, nilijua pale pale,” na hakuna kati yetu aliyeuliza ni jibu lipi.

Sasa nifike kwenye ugonjwa, na hapa naomba mnivumilie. Mwaka 2021 shemeji Rwema alinipigia simu kutoka dukani, akaniita muramu kama anavyoniita siku zote, yaani shemeji, akasema, “Muramu, mama Manzi haiko sawa. Anaweka funguo ndani ya sukari, anauliza kitu, najibu, anauliza tena.” Novemba mwaka huo tulimpeleka kliniki, akapewa kipimo cha kumbukumbu wanachopewa wazee, akapata alama zote. Mwaka uliofuata Rwema alimrudisha, akapata zote tena, na daktari, kwa heshima kabisa, akamwambia mzee awe na subira, wakati mwingine mume huchoka. Connie aliamini karatasi, Manzi aliamini karatasi, mimi nami niliamini karatasi, nikamkemea Rwema kwamba anamtangazia mke wake wazimu, naye akanijibu neno ambalo bado linaniuma, “Docta iko na karatasi, lakini mimi ndiyo nalala na yeye. Usiku ananiangalia kama mugeni.”

Ndugu zangu, kipimo kile alikitafsiri dada mwenyewe. Kliniki ilimwomba kazi hiyo mwaka 2009, akakifanyia majaribio kwa mamia ya wazee, akawafundisha wauguzi kukisimamia, kwa hiyo yale maneno ya kukariri, zile hesabu za kutoa saba saba kutoka mia, vilikuwa vimelala ndani yake kama Baba Yetu, na ugonjwa uliokuwa ukimla majina ya wanawe ulikuwa bado haujavifikia. Tarehe ya siku hakuikariri, lakini alijua itaulizwa, na Rwema alikuja kukumbuka baadaye kwamba kila walipokwenda kliniki dada alimwuliza tarehe garini, akairudia midomoni mpaka mlangoni. Maana yake alikuwa anajua. Dada yangu alijua kwamba anapotea, akaogopa kufeli kuliko alivyoogopa kupotea, na sisi tuliosoma tukampongeza kwa kufaulu.

Tarehe 16 Julai 2023 aliondoka kwenda misa ya kwanza hakurudi, tukamtafuta mchana kutwa, na jioni akapatikana Busanza, kwenye zile nyumba zinazofanana, akigonga mlango baada ya mlango na kumwuliza kila aliyefungua kama ndani kuna watu. Walipomwambia wapo, alishukuru, akaenda mlango wa pili. Wakazi wale walimpa uji na kiti wakamkalisha mpaka tulipofika, na Mungu awalipe. Wiki ile akapigwa picha ya ubongo, na ugonjwa wa kusahau ukathibitishwa, ukiwa tayari umeota mizizi.

Toka hapo Rwema alifunga duka akamuuguza mkewe kwa mikono yake mwenyewe. Sebuleni dada aliweka kiti kidogo mbele ya chake, akakataza mtu kukikalia, na wageni wengi mliopo hapa mlielekezwa mkae kwingine bila kuambiwa sababu, basi sababu ni kwamba kiti kilikuwa na mtu. Alikuwa akikiuliza maswali, anasubiri, anatikisa kichwa, anasubiri tena, na Rwema alipoona anaumia alimwambia kwa upole, “Mupe alama, mama, mutoto amejibu vizuri,” naye akalia akasema muda bado haujaisha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea tangu mwaka 2023, na yule daktari wa kwanza pia, aliyekuja nyumbani kutuomba radhi akasimama mlangoni hadi Rwema alipomshika mkono akamwingiza ndani. Nawashukuru wapimaji aliowafundisha, jumuiya ndogondogo ya Niboye, na majirani waliomrudisha nyumbani kila alipotoka bila kumwonyesha kwamba anarudishwa. Kwako shemeji, nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote, uliona na hatukukusadiki.

Eustadia alifariki dunia Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mume wake akiwa amemshika mkono. Siku mbili kabla nilikuwa naye mchana, akaamka mzima wa sauti, akaniamuru nikae wima, akanifanyia kipimo chake chote tangu mwanzo, tupo mji gani, huu ni mwezi gani, taja maneno haya, nami nikajibu kadiri nilivyoweza, nikakosa hesabu. Alipofika mwisho hakunyamaza, aliniinamia, akaniuliza swali ambalo halikuwahi kuwa katika kipimo chochote alichokitunga, “Na wewe ni nani?”

Nikamwambia mimi ni Castory, mtoto wa Anastazia, uliyenibeba mgongoni Nkwenda. Alinitazama sana, kisha akaniambia neno pekee ambalo mpimaji anaruhusiwa kumwambia mtoto bila kumwonyesha kama amepata au amekosa, akasema, “Endelea.” Nikaendelea, nikamwambia habari za mto na ndama, za bweni la Bukoba, za harusi, za Manzi na Connie, nikamtaja na Kabagwira, na kila niliponyamaza alisema, “Endelea,” mpaka usingizi ukamchukua. Kwa hiyo historia hii niliyowasomea, yeye aliisikia kwanza, kama habari za mtu mwingine, na hakuna mahali aliponisahihisha.

Basi dada, nimefika mwisho, sina tena la kuendelea. Lala kwa amani.