Sufu Iliyofukizwa Udi

Ndugu zangu, amani iwe nanyi nyote mliokuja, na waliotuma udhuru pia. Mwenyekiti wa kikao hiki ameniomba niseme kwa ufupi, na kwa kuwa ananijua, amekaa papa hapa nyuma yangu aweze kunivuta shiromani hii niliyojifunika nikizidisha. Nitachanganya maneno: Kiswahili cha marehemu baba yangu aliyekuwa mfanyabiashara, Kingazija cha nyumbani, na Kimalagasi chetu cha sokoni. Atakayepotea amuulize jirani yake.

Habari yangu na watu wa forodha wengi mliisikia kwa midomo ya watu. Leo isikieni kwa mwenye nayo.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mume wangu alikuwa amefariki, nami nilikuwa nikiuza vifurushi vya kufumia pale nyumbani Ampisikina. Mnavijua: madonge ya sufu, sindano, vifungo na karatasi ya mtindo, vyote ndani ya mfuko mmoja kutoka Ufaransa. Mgeni hucheka akisikia. Mahajanga na joto hili, sufu ya nini? Basi aje amwone mzazi wa Mahajanga anavyomfunika mtoto mchanga kama vile kuna theluji mlangoni! Na wanetu wanaokwenda kusoma Antananarivo, baridi ya kule haiwaulizi wametoka wapi.

Meli ilikuwa ikishusha mizigo yangu kisiwani Nosy Be. Dada yangu mkubwa anakaa huko, ana duka dogo na watoto wake. Yeye ndiye aliyekuwa akilipa ushuru, kisha ananiletea mzigo kwa chombo cha pwani. Karatasi zote zilikuwa kwa jina lake.

Sasa mzigo ule ulifika wakati wa mvua. Dada akanitumia habari kwamba sufu inanuka uvundo wa meli, na ameona nondo wawili watatu. Nikamjibu mimi mwenyewe, shikeni neno hili, nikamwambia, "Dada, zifukize udi kabla hujanitumia." Nani kati yenu angemvika mtoto mchanga sufu yenye uvundo? Dada akafungua vifurushi vyote. Akavua vile vikaratasi vinavyozungushwa kwenye madonge, maana moshi haupiti chini ya karatasi. Akaweka tenga juu ya chetezo, akapanga sufu rangi kwa rangi, nyeupe peke yake isichafuke. Sindano akazifunga pamoja, vifungo akavitia kwenye kopo la biskuti. Na vile vikaratasi, ndugu zangu, akawashia makaa.

Vile vikaratasi ndivyo vilivyokuwa vimeandikwa sufu ilitengenezwa wapi.

Mzigo ulipofika bandarini kwetu, bwana wa forodha akafungua masanduku ahakikishe ushuru uliolipwa Nosy Be ndio wake. Alikuwa kijana wa nyanda za juu, mpole, amekalia kiti alichoachiwa na Mfaransa, nacho bado kilikuwa kikimpwaya. Karatasi zinasema vifurushi vya kufumia, vya Ufaransa. Yeye anaona mafungu ya sufu isiyo na jina, inayonukia udi. Sufu ya Ufaransa ilikuwa na ushuru mwepesi, ya kwingineko mzito. Akaniambia kwa Kimalagasi, taratibu, akiniita bibi kwa heshima, "Ramatoa, hivi si vifurushi. Hizi ni nyuzi, na mtu amezibadilisha njiani. Zimetoka wapi?"

Nikasema, Ufaransa. Akauliza, mbona hazina alama? Nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza? Niliona haya. Nilijua ofisini mle watu wangecheka: wanawake wa pwani na moshi wao. Tena niliogopa atadhani udi umetiwa kuficha harufu ya magendo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mimi siku ile nilijitia kuwa mjanja kuliko wahenga.

Mzigo ukazuiwa. Ikasemekana ushahidi usipopatikana utataifishwa na kupigwa mnada, na mimi nitaandikwa mtu wa magendo, nisipewe tena ruhusa ya kuleta kitu. Jina lile likafika sokoni Tsaramandroso kabla yangu. Wateja walionipa vipimo vya watoto wao wakaanza kunipita njiani wakitazama miguu yao. Mmoja alisema, na leo amekaa humu, simtaji, anacheka mwenyewe: "Sufu ya mjane huyo imenona ghafla," yaani nimenenepea magendo. Niliumia. Nikajifungia ndani, nikawa sili wala sipiki.

Bwana wa forodha akaniita tena. Nawaambia ukweli, alikuwa akinihurumia. Alisema, "Ramatoa, karatasi si za jina lako. Andika hapa kwamba masanduku yalifunguliwa Nosy Be bila wewe kujua. Wewe utatoka leo." Akanisogezea kalamu.

Nikaishika.

Msinitazame hivyo, mngeishika na ninyi. Nilijiambia, dada ana duka, ana mume, atajitetea. Nilijiambia kwamba si uongo sana, kwani mimi kweli nilikuwa Mahajanga. Kalamu ikagusa karatasi. Kisha nikamwona dada yangu akipuliza yale makaa, macho yanamtoka machozi kwa moshi, kwa ajili ya biashara yangu mimi. Ile ruhusa yake ya kufanya biashara ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na watoto wake. Nikiandika, wangemnyang'anya.

Nikairudisha kalamu mezani. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwagiza. Na sababu ni udi." Nikalia pale pale, kwa sauti, bila aibu. Nikamweleza yote: uvundo, nondo, tenga, chetezo, vikaratasi kuwa majivu. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akasema kwao bibi yake pia hamvalishi mtoto nguo ngeni kabla ya kuipitisha motoni. Halafu akasema, "Lakini mimi siwezi kuandika kwamba nimeamini. Nionyeshe vifurushi, kila kimoja kirudi kama kilivyokuwa."

Nikaenda kwa wale walionipita njiani. Nikabisha hodi mlango kwa mlango, nikasema nilivyosema mbele yake. Wakaja! Mmoja alitoka mbali, Boanamary, na mguu wake mbovu mnaujua. Tukakaa sakafuni pale ghalani, tukatoa chini ya masanduku ile mifuko mitupu na zile karatasi za mitindo, maana hizo dada hakuzichoma, na kila moja ina jina la kiwanda na la nchi. Mtindo wa fulana ya bluu unataka madonge haya, vifungo hivi, sindano hizi. Tukajaza mifuko mmoja mmoja, huku tukigombana nani amechukua njano ya nani. Bwana wa forodha akasimama juu yetu, akalinganisha kila mfuko na karatasi zake.

Mwisho hapakubaki donge lolote sakafuni, wala hapakupungua. Akachukua picha ya soksi, akamwambia mwenzetu afume kipande kwa sindano ile na uzi ule. Akafuma. Akakiweka juu ya picha, kikalingana. Akampelekea mkubwa wake. Tukangoja, kisha akarudi na mhuri. Vikaandikwa vifurushi, vya Ufaransa. Akaniamuru tu nifunge alama ya nchi kwenye kila mfuko kabla ya kuuza, na tangu siku hiyo, hata udi nikifukiza, nafukiza baada ya forodha.

Nawashukuru ninyi mliokaa sakafuni ile na viuno vyenu. Namshukuru kijana yule, Mungu amjaalie. Na neno langu kwenu ni hili: ukiulizwa, sema mapema jambo lako lilivyo, hata kama ni la kuchekesha. Kicheko hupita. Ukinyamaza, utatafutiwa mtu wa kubebeshwa, naye atakuwa mtu wako.

Dada yangu amekuja kutoka Nosy Be kwa ajili ya harusi ya kesho, yuko pale kwenye mkeka wa nyuma. Habari ya kalamu hakuwahi kuisikia mpaka sasa hivi. Ndiyo, dada, niliishika. Wino ulikwisha gusa karatasi. Nimekuogopa muda wote huu kuliko nilivyowaogopa watu wa forodha. Basi njoo, mpisheni apite, aje anipige au anikumbatie.