Mate ya Mama Mkwe

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu mliopotelewa na ndugu kama mimi, poleni na jua la huko nje. Mwenyekiti kanipa nafasi ya kusema, na kanionya nisitaje majina. Sitataja, ingawa wapo wanaostahili kutajwa. Msicheke, nasema kweli.

Mimi napika stendi ya Buzuruga: supu, chapati, uji wa asubuhi. Kazi ya stendi inakufundisha kuangalia mikono ya mtu kabla hujamwangalia usoni. Kwa hiyo kushuku watu nilikuwa nako tangu zamani. Ila sikujua kwamba siku moja na mimi nitashukiwa mpaka nijione mchawi.

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za boti. Yeye mtu wa Mara, wa kule mwambaoni, mimi Msukuma wa Misungwi. Mtoto hatukujaliwa. Alikuwa mpole, mwenye siri zake kidogo, lakini mwanaume gani hana? Asubuhi moja akafunga begi, akasema, "Naenda Musoma kumwona mama. Jumapili nimerudi." Jumapili ikapita. Simu haiiti. Nikampigia mama mkwe, akasema hajamwona.

Nikatoa taarifa polisi. Tukatafuta njia nzima ya Musoma: hospitali za Magu, za Bunda, mpaka Musoma mjini. Niliingia vyumba vya maiti ambavyo hata leo nikiota najikuta mle. Hayupo. Kondakta hamjui, mwenye duka hamjui. Mtu mzima kapotea kama jiwe limetupwa ziwani.

Ndipo wakaja ndugu wa mume. Aliyewaongoza ni baba mdogo, mkubwa wa ukoo wao, mzee mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Walikaa kwenye viti vyangu, nikawapikia samaki. Hawakugusa! Walikuja na chakula chao kwenye hotpoti. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna kinachouma kama wakwe kula cha kwao mbele ya sufuria yako. Pale pale nikajua wanasema nini wakiwa njiani.

Na wakasema. Kwamba nimemwekea kitu kwenye uji. Kwamba mwanamke asiye na mtoto ana haraka na nyumba ya mume. Wengine wakasema nimemuuza kwa watu wa machimbo. Nikaomba tuweke msiba, hata wa sala tu. Baba mdogo akakataa katakata. "Msiba wa nani? Mwili uko wapi? Tuonyeshe ulikomweka, ndipo tulie."

Basi nikawa si mke, si mjane. Miaka ikaenda hivyo. Stendini mtu anaagiza supu, mwenzake anamkonyeza, anaghairi. Na mimi nikawashuku wote. Nikamshuku baba mdogo kwamba kamuua kwa ajili ya shamba la kwao. Nikamshuku jirani yangu mmoja mrembo. Kuna kipindi nilimshuku marehemu mwenyewe, kwamba yuko Ukerewe na mke mwingine, ananenepa. Nilikonda mimi. Chapati nikawa naziunguza.

Sasa sikilizeni ilivyogeuka. Siku moja wakaja stendi vijana wawili, wakabandika karatasi ukutani karibu na jiko langu. Picha ya kuchora, sura ya mwanaume, na maneno chini: mtu huyu alizikwa bila kujulikana, anayemfahamu atoe taarifa. Wapiga debe wakaanza utani wao. "Mama, huyu si yule mteja wako wa maini?" Nikawaambia waniondokee.

Lakini nikawa nageuka. Nakoroga uji, nageuka. Mtu wa kwenye picha alikuwa mnene wa mashavu na mzee kuliko mume wangu. Siye. Ila lile paji la uso, jinsi lilivyokaa juu ya macho kama mtu anayetaka kuuliza swali akasita, lile nilikuwa nalijua. Nikajiambia, huu ni mtego. Polisi wameweka picha hapa makusudi, waone nitafanya nini. Nilikaa na wazo hilo wiki nzima kabla sijapiga simu.

Nilipokelewa na afande mmoja mwanamke, mtaratibu, na dada aliyechora ile picha. Wakanieleza. Kuna makaburi ya watu waliookotwa bila jina, wakazikwa na halmashauri. Wao wanafukua, wanachukua jino au kipande cha mfupa, wanatoa vinasaba, yaani ile alama ya damu ambayo mtu anarithi kwa wazazi. Dada mchoraji yeye anachukua fuvu, anapima mifupa, anarudishia nyama kwa penseli. Nikamuuliza, "Na unene wa mashavu umeuona kwenye mfupa?" Akacheka kidogo. "Hapana, mama. Paji, taya, pua, hivyo mfupa unaniambia. Unene, masikio na umri kamili nakadiria." Nikampenda kwa kusema hajui.

"Huyu aliokotwa wapi?" nikauliza.

"Barabara ya Busisi, kabla ya kivuko. Enzi hizo daraja bado. Aligongwa na gari, gari likakimbia. Hakukutwa na simu wala kitambulisho."

Busisi! Moyo ukaniambia siye. Mume wangu alikwenda Musoma, upande mwingine kabisa. Hata hivyo wakasema tupime. Mtoto wake hatuna, kwa hiyo tuende kwa waliomzaa; baba mkwe mimi niliambiwa alikwisha kufa zamani, amebaki mama.

Tukafunga safari mpaka Mara, mimi, afande na mchoraji. Baba mdogo akaitazama picha, akasema hamjui. Ikapita kwa mama mkwe. Yule mama alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake haitulii, muda wote inachambua kitu. Alipoishika picha, mikono ikasimama.

"Mmemtoa wapi mzee huyu?"

"Mzee gani, mama?" afande akauliza.

"Hakuna. Macho yangu mabovu." Akairudisha, kaifunika uso chini.

Nilimwona. Ninyi mngekuwepo mngemwona pia. Na alipoombwa apakwe pamba mdomoni, wachukue mate, akaruka. "Mate yangu sitoi! Mnajua mate ya mtu yanafanyiwa nini?" Baba mdogo akaona aibu mbele ya wageni. "Chukueni yangu. Mimi baba yake mdogo, ukoo ni mmoja." Akafungua mdomo kama yuko kwa daktari wa meno. Halafu afande akachora mti wa ukoo, na mzee akamtajia baba, babu, baba wa babu, kwa fahari kabisa. Mama mkwe alikuwa anatazama chini tu.

Majibu yakaja. Mtu wa kaburini na baba mdogo hawana udugu wowote. Hata wa mbali.

Heh! Simu yangu haikupumzika. "Umesikia? Siye! Umetaka kutuzikisha mfupa wa mtu baki ili uitwe mjane." Na afande naye, yule yule mtaratibu, akaniita ofisini na wenzake wawili wapya. Sasa maswali yamegeuka. Kwa nini nilikuja mwenyewe? Kwa nini nilisema paji nalijua? Mara ya mwisho tulikula nini? Nikaona kabisa ninakoelekea. Wakwe wanasema nimeua, polisi wanaandika. Nilirudi nyumbani nikafunga mlango nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Asubuhi nikapanda basi la Musoma peke yangu. Nilimkuta mama mkwe anageuza dagaa kwenye chanja.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Yule mzee kwenye picha ni nani?"

"Nilikwambia macho..."

"Mama, mimi nakwenda jela. Unanisikia? Nakwenda jela kwa ajili ya mwanao. Sitoki hapa mpaka useme."

Akaendelea kugeuza dagaa walewale aliokwisha kuwageuza. Kisha akakaa chini. Akaniambia jambo ambalo mimi, kwa Usukuma wangu, sikuwahi kulijua ndani ya ndoa yangu yote.

Yeye hakuolewa na mwanaume. Aliolewa na mama mmoja mzee wa ule ukoo, mjane asiye na mtoto wa kiume. Kwao ipo mila hiyo, wanaiita nyumba ntobhu. Mama mzee anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto atakaozaa msichana yule ni wa nyumba ile, wanabeba jina la ukoo ule. Mwanaume anayezaa naye si baba. Anakuja, anaondoka, hatajwi. Na kila mtu kijijini anajua, na hakuna anayesema, kwa sababu kusema ni kumfukuza mtoto kwao.

Kwa hiyo baba mdogo hakudanganya, jamani. Hilo nilielewa papo hapo, ingawa sikutaka. Yule mzee alitoa mate kwa moyo mweupe. Kwake ng'ombe walikwisha toka, mtoto ni wao, basi. Haikumpitia akilini kwamba kuna mashine itakayouliza swali ambalo kwao haliulizwi.

"Na mzee wa picha?"

"Ndiye niliyezaa naye. Ilikuwa kama wamemchora yeye."

Mwone mchoraji yule! Kwa kukosea unene na umri, akamchora baba mtu.

"Anaishi wapi?"

Mama akavuta pumzi. "Kambi ya wavuvi, ng'ambo ya Busisi. Mwanangu... mume wako aliniuliza, akanibana kama unavyonibana wewe. Nikamwambia. Alikwenda mara moja. Akasema atarudi tena."

"Kwa hiyo siku ile ulijua alikuwa njia ya Busisi."

Akaokota dagaa mmoja aliyeanguka, akamrudisha chanjani.

"Mama. Sisi tunatafuta Bunda, tunafunua mashuka ya maiti Musoma, wewe ulijua?"

"Nilijua."

Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha, nilitaka kumpiga. Mama mkwe! Nilinyanyuka, nikazunguka ile chanja, nikarudi. Nikamwambia maneno ambayo mwenyekiti hataki niyaseme hapa. Nikamuuliza aliwezaje kuniacha niitwe muuaji na ukweli uko kinywani mwake.

Hakujitetea sana. Alisema, "Ningetaja Busisi, wangeuliza alifuata nini. Ningetaja alichofuata, wangesema si wao. Mwanangu akipatikana, nani angempa pa kuzikwa?" Halafu akafuta mikono kwenye khanga. "Waambie walete hiyo pamba."

Majibu ya mara ya pili yalisema kwamba aliyelala kaburini ni mtoto wa tumbo lake. Afande alinipigia mwenyewe, akaniomba radhi kwa yale maswali. Nikamwambia aliuliza sawa, na mimi ningeuliza hivyo hivyo.

Ikabaki kumweleza baba mdogo. Tulikaa kikao. Afande akaeleza taratibu kwamba damu si moja. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasimama na fimbo yake. "Mmemaliza? Kipimo kimesema damu. Hapa nani aliuliza damu? Ng'ombe walitoka mbele ya macho yangu, mimi ndiye niliyewaswaga. Mleteni mwanetu azikwe kwao." Mama mkwe akaanguka kifudifudi, akalia. Siri aliyoibeba kwa hofu miaka yote, mzee kaimaliza kwa maneno mawili. Kisha mzee akanigeukia mimi, akasema, "Na wewe, mkwe, tulikuonea." Kwa mtu kama yule, hilo lilikuwa refu.

Tukamzika. Nikanyolewa, nikakaa msiba kwenye mkeka kama wanawake wenzangu. Nilipoitwa mjane kwa mara ya kwanza nilishukuru Mungu, na najua ninyi pekee ndio mnaweza kunielewa.

Nimshukuru afande. Nimshukuru dada mchoraji, yule aliyekubali kwamba vingine anakadiria. Niwashukuru na ninyi, mlionisikiliza hapa nilipokuwa sijui hata kama nina haki ya kulia. Ninachowaomba ni kimoja. Wataalamu wakija kuuliza ukoo, waambieni na lile ambalo halisemwi. Mwiteni afande pembeni ikibidi. Mwenzenu anaweza kuwa amelala bila jina kwa sababu ya neno moja mlilomeza.

Mtaniuliza kama nimemsamehe mama mkwe. Si yote. Kuna siku namwangalia hivi nakasirika upya. Na dereva wa lile gari hajapatikana. Nikivuka daraja la Busisi bado nawatazama madereva mikononi.

Lakini mimi na mama tulivuka pamoja. Baada ya msiba alisema kuna mtu hajaambiwa, na hakuweza kwenda peke yake. Tukamkuta yule mzee kambini anashona nyavu. Paji ni lile lile. Mama alikaa mbali, akanisukuma mimi niseme. Nikamwamkia, nikajitambulisha kuwa mke wa nani. Hakuacha kushona.

"Mwambie mumeo salamu nimezipokea," akasema. "Alikuja mara moja tu, tukala, akaahidi kurudi. Nikachinja kuku, nikangoja. Aliona baba mwenyewe ndiyo huyu, maskini wa kambini, akaghairi. Simlaumu. Mwambie simlaumu."

Nikapiga magoti kwenye mchanga, nikamshika ile mikono na nyavu zake.

"Hakughairi, baba," nikamwambia. "Alikuwa anakuja kwako. Walimgonga akiwa njiani anakuja."