Mkono wa Kulia wa Scolastika Kulwa Ngusa (1958–2025)

Ndugu waombolezaji, wenye viti kaeni. Tunayemzika leo hakuwa na mazoea hayo.

Scolastika Kulwa Ngusa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Mhunze, Kishapu, akiwa pacha wa kwanza wa Mzee Ngusa. Doto alimfuata baadaye kidogo. Marehemu alipenda kusema kwamba yeye aliwahi kutoka kwa sababu mle ndani hapakuwa na kazi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1967 hadi 1973. Adhabu ya wasumbufu ilikuwa kusimama nyuma ya darasa, na marehemu alisimama huko karibu miaka yote saba, tena kwa furaha zake.

Alilima pamba, akauza vitenge minadani, na mwaka 1979 akafunga ndoa na Bartholomeo Maduhu, mtu mpole aliyezoea kubaki mezani peke yake, maana mwenzake alikula huku anatembea. Walijaliwa watoto wawili, Sostenes na Ritha. Mwaka 1994 walihamia Buseresere wakafungua mashine ya kusaga nyuma ya nyumba. Baba Sostenes alifariki mwaka 2011. Mashine haikupumzika, na mama naye hakupumzika.

Tarehe 2 Mei 2023 alipata kiharusi. Mguu ulirudi. Mkono wa kulia ulijikunja ukawa ngumi, hata kijiko hakiingii. Mjukuu wake Davis, anayewasomea wasifu huu na ambaye diploma yake ya tiba ya mazoezi iliishia njiani, alimletea mpira wa kuminya.

"Mkono umeshafunga, wewe unataka nifunge zaidi?" alisema marehemu. "Kamalizie shule."

Kilichomuumiza ni salamu. Kuliko kumpa mtu mkono wa kushoto, kwake ilikuwa heri kumnyima kabisa. Doto alipotoka Nkome, alikokuwa akiuza dagaa kando ya ziwa, kuja kumjulia hali, marehemu aliificha ngumi chini ya kitenge. Doto akabaki amenyoosha mkono hewani, majirani wanatazama. "Kumbe wenye mashine hawasalimii wauza dagaa," alisema, akaondoka bila kunywa hata maji. Tangu hapo hakupokea simu.

Marehemu alizunguka uani mchana kutwa kama anatafuta kitu. Siku moja aliingia kwenye mashine kumgombeza Sostenes kwa unga wenye chenga. Aliyumba, akaegemeza ngumi kwenye bati la kumwagia mahindi, lile linalotetemeka muda wote, akaendelea kugomba. Aligomba mpaka vidole vikalegea, kimoja kimoja. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alieleza kwamba mtetemo kwenye ngozi na misuli hupeleka habari kwenye ubongo, na kwa baadhi ya wagonjwa misuli iliyokaza hulegea kwa muda. Marehemu alisikia neno moja tu: muda. Kuanzia hapo majirani walisalimiwa mbio mbio: kiganja kwenye bati, kisha huyo, kabla hakijafunga.

Januari 2024 alikwenda Nkome. Mkono ulifunga garini. Pale stendi alichukua bodaboda ya kijana Yasini, na walipofika mwaloni, pale ufukweni Doto alipokuwa akianika dagaa, marehemu alishuka akabandika ngumi kwenye tangi la pikipiki.

"Usizime, baba."

"Bibi, mafuta yanaisha."

"Yaishe. Mkono ukigoma utanipa wako?"

Doto alisogea. "Sasa unakuja kusalimia na injini?"

"Siku ile ilikuwa ngumi, Doto. Ningekupa ngumi ungefanya nini?"

"Ningerudisha."

Vidole vilifunguka. Doto akaupokea mkono, nao ukafunga palepale, wa kwake ukiwa ndani.

"Niachie, kunguru wanamaliza dagaa."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"



Doto alihamia Buseresere mwezi uliofuata, wakagombana kila siku kwa amani. Tarehe 9 Februari 2025 kiharusi cha pili kilimchukua marehemu katika kituo cha afya. Mkono wa kulia ulikuwa umefunga, na wa Doto ulikuwa humo. Muuguzi alitaka kuwatenganisha. Doto akasema, "Subiri, mwanangu. Ataniachia mwenyewe."

Ameacha pacha wake Doto, watoto wawili, wajukuu watano, na mashine, ambayo Doto ameomba isizimwe mpaka tumalize kufukia. Anayekerwa na kelele avumilie.

Apumzike kwa amani, Kulwa wetu. Kutulia hatumlazimishi.