Mama Kazi, Aliyewarudisha Watoto Kazini

Ndugu waombolezaji, jamaa, majirani, na ninyi wenzake wa hospitali mliokuja na sare zenu, anayesimama mbele yenu ni mtoto wa pili wa marehemu, na kabla sijaanza naomba jambo moja tu, nalo ni subira. Mnaonifahamu mnajua kwamba ulimi wangu ni mzito na huenda kwa mwendo wake wenyewe, kwa hiyo nikikwama kwenye neno, tafadhali msinimalizie, neno ni langu na litakuja. Katika kikao cha familia mjomba alishauri, kwa nia njema kabisa, kwamba historia hii isomwe na mtu mwenye ulimi mwepesi ili tuwahi makaburini, dada yangu akamjibu kwamba mwenye safari yake hana haraka, na kikao kikaishia hapo. Historia za namna hii huandikwa kwa sentensi ndefu, nami nimefuata desturi, ila koma nimeziweka nyingi, kwa sababu kwenye kila koma mimi napumua.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu na msichana wa kwanza wa mpiga kengele wa stesheni na mkewe, fundi cherehani. Bibi alitusimulia mara nyingi kwamba binti yake huyu, tangu alipoanza kusimama, hakukubali kuvalishwa na mtu, alivaa gauni lake mwenyewe, mbele nyuma, akalitembeza mtaani hivyo hivyo kutwa nzima, na aliyethubutu kumgeuzia alipigiwa kelele zilizoshindana na kengele ya babu. Bibi alikuwa akisema mtoto huyo ana kichwa kigumu, na mama hakuwahi kulipinga hilo hata alipokuwa mtu mzima.

Alianza shule ya msingi ya watoto wa reli Januari 1964, akahitimu mwaka 1970, akaendelea na sekondari ya wasichana, shule ya bweni, kuanzia 1971 hadi 1974, akafaulu vizuri masomo yote isipokuwa hesabu, ambazo yeye mwenyewe alisema walikuwa wanapishana tu njiani. Mwaka 1976 aliomba kusomea uuguzi, akakuta nafasi zimejaa, akaambiwa kuna kozi mpya inaitwa tiba kazi na viti bado vipo, akajiandikisha bila kujua vizuri ni kitu gani, na alipoipeleka habari hiyo nyumbani babu alimwuliza kama hiyo ndiyo dawa ya uvivu, maana kama ndiyo, wagonjwa wa kwanza atawapata humo humo ndani kwa kaka zake. Alihitimu tarehe 30 Novemba 1979.

Tarehe 7 Januari 1980 aliripoti katika hospitali ya mji, akapewa chumba cha mwisho cha korido, kati ya stoo ya mashuka na jiko, na mlangoni akaandikiwa kwa rangi nyekundu maneno mawili, TIBA KAZI, yaliyomletea balaa. Wiki ile ile vijana walianza kupanga foleni wakiwa na vyeti mkononi, wakiamini kwamba hatimaye imefunguliwa ofisi ya kutibu ukosefu wa ajira, na mzee mmoja aliyemleta mwanawe, hata baada ya kuelezwa kwa upole, aliondoka akinung'unika kwamba siku hizi bila kujuana hupati kitu hata hospitalini. Akina mama nao, walipotumwa kwake wakiwa na watoto walioumia ubongo, huyu kwa homa ya uti wa mgongo, yule kwa kuanguka ngazini, mwingine kwa kugongwa na pikipiki, walisoma mlango wakageuza njia, na mmoja akamwambia usoni, "Mtoto hata shingo haijakaza, wewe unataka kumpa kazi? Huruma huna?" Mama alimwalika akae, akamwambia kwamba kila mtoto ana kazi zake, kula ni kazi yake, kuvaa ni kazi yake, kucheza na kuwasumbua wakubwa ni kazi yake, na jeraha la ubongo limemfukuza kazini bila hata barua, basi yeye ameajiriwa kumrudisha. Yule mama alicheka huku analia, akakaa, na siku hiyo ndipo lilipozaliwa jina la Mama Kazi, ambalo wengi wenu hapa ndilo pekee mnalolijua.

Mwaka 1983 alimwomba daktari mkuu ruhusa ya kuwafuata watoto majumbani, na sababu yake ilikuwa hii, kwamba alikuwa amemfundisha mtoto mmoja kwa miezi mingi kufungua bomba la hospitali kwa mkono wake dhaifu, mtoto akafaulu, wodi nzima ikapiga makofi, kisha alipokwenda kumsalimu kwao akakuta hakuna bomba, kuna ndoo na kopo. Alirudi amenuna, akamwambia daktari mkuu kwamba amefanya kosa kubwa la kumfundisha mtoto kuishi hospitalini, wakati mtoto anaishi kwao. Daktari mkuu alimwambia hakuna gari wala hakuna fungu, mama akajibu kwamba hajaomba gari wala fungu, ameomba ruhusa, na ruhusa akapewa, nadhani ili mradi tu atoke mle ofisini.

Tangu hapo alizunguka mitaa yote ya mji huu, kwanza kwa miguu, baadaye kwa baiskeli, akiwa na mfuko wa turubai wenye vijiko vilivyozungushiwa mpira wa tairi ili mpini unenepe, mashati ya mazoezi yenye vifungo vikubwa kama biskuti, na kamba za viatu za kila rangi. Alikaa chini jikoni kwa watu, akaangalia kizingiti kina urefu gani, ndoo inakaa wapi, mtoto analala kitandani au chini, na maagizo yake kwa mama wa mtoto yalikuwa neno moja, "ngoja," maana mama mwenye upendo huwa na mkono mwepesi, kifungo kinafungwa kabla mtoto hajakigusa, kijiko kinafika mdomoni kabla mtoto hajakikamata. Na karibu katika kila nyumba, alipokuwa anavaa viatu aondoke, mwenye nyumba alimsindikiza hadi mlangoni, akageuza uso pembeni, akauliza swali lile lile, kwamba mimi nikifa, huyu atabaki na nani? Mama hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, hakuwaambia kwamba Mungu atajua, aliwaambia kwamba swali hilo ndilo lililomleta na ndilo litakalomrudisha wiki ijayo.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, karani wa posta, mtu mpole aliyependa vitu viwili duniani, mkewe na magazeti, na haikuchukua muda cha kwanza kikaanza kukila cha pili, kwa sababu mama alikuwa amejifunza kutengeneza viti vya watoto kwa maboksi na magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa unga, viti vigumu kama mbao, kila kimoja kwa kipimo cha mtoto wake. Baba alikuwa akirudi kazini anaulizia habari za dunia, anaambiwa zinakauka juani, na hadi anafariki mwaka 2011 alidai kwamba yeye ndiye mtu pekee katika mji huu ambaye magazeti yake yalikaliwa na watu wengi kuliko yalivyosomwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, dada yangu aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1986, ambaye sasa ni mwalimu, na mimi, niliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1988.

Juni 1993, nikiwa sijatimiza miaka mitano, niliugua homa ya uti wa mgongo, na nilipozinduka mkono wangu wa kulia ulikuwa umejikunja, mguu unaburuta, na maneno yote niliyokuwa nayo yamekwenda. Wahenga walisema mganga hajigangi, na hapa ndipo waliposema kweli, kwa sababu Mama Kazi, aliyewafundisha akina mama wa mji mzima kungoja, aliporudi nyumbani na mtoto wake hakungoja hata dakika, alinilisha, akanivalisha, akanibeba mgongoni hadi chooni, na dada yangu alipomkumbusha aliyoyasikia akiwafundisha wengine alifukuzwa jikoni. Alikwenda kazini akawaambia watu weka kijiko chini, akarudi kwetu akakishika yeye, na hali hiyo ikaenda mwaka mzima, mimi nikinenepa na mkono wangu ukizidi kulala.

Aliyeukata mzizi huo ni mwenzake wa kazi, mtaalamu wa viungo tuliyemwita Bwana Mazoezi, yule pale mwenye fimbo, naona anainamisha kichwa, inua kichwa mzee wangu, leo ni siku ya kujivuna. Alibisha hodi kwetu asubuhi moja kama anavyobisha kwa watu wote anaowatembelea, akiwa na mfuko wake, akakataa soda, akakaa kwenye mkeka, akamwambia mama, "Shemeji, leo wewe si mtaalamu, wewe ni mama wa mgonjwa. Kaa chini nikuulize maswali." Mama alikasirika vibaya, dada anasema sahani zilisikika zikiwekwa kwa kishindo, lakini alikaa, akaulizwa moja baada ya jingine maswali yote ambayo yeye mwenyewe huwauliza wengine, mtoto anakulaje, nani anamvalisha, nani anamwogesha, na kila jibu likawa mimi, mimi, mimi, mpaka akashindwa kuendelea, akalia, na akamwuliza Bwana Mazoezi lile swali la mlangoni ambalo alikuwa ameulizwa na wote. Bwana Mazoezi alichukua kijiko cha mpira kwenye mfuko wa mama mwenyewe, akakiweka mbele yangu, wakakaa wote wawili wakanitazama, uji ukapoa, nikajimwagia kifuani, nikalia, nikakosa, na mwishoni kidogo kikaingia. Najua haya kwa kusimuliwa, lakini ladha ya ule uji wa baridi naikumbuka mimi mwenyewe.

Nisiwachoshe na yaliyofuata, yalikuwa ya miaka, niliingia shule nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wote, nikatoka nikiwa mkubwa zaidi, na tarehe 3 Agosti 2015 niliajiriwa kwenye kiwanda cha mikate, idara ya kufungasha, ambako ninafanya kazi hadi leo kwa mkono wa kushoto. Mwezi uliofuata mama alinitafutia chumba cha kupanga mtaa wa pili, dada akamgombeza kwamba anamfukuza mtoto, mama akasema simfukuzi, namkabidhi ufunguo, na jirani mmoja hapa, simtaji, aliniambia baadaye kwamba nilipokwisha kata kona mama aliketi kizingitini akalia hadi khanga ikalowa. Alistaafu mwezi Machi 2017 akiwa na miaka sitini, akaendelea kuzunguka na baiskeli kana kwamba hakuna aliyemwambia.

Mwezi Agosti 2022 alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, ikiwa imeshasambaa, na madaktari wakasema wazi kwamba kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Kila nilipotoka kazini nilipitia kwake, alikataa kulishwa hadi mikono ilipomgomea kabisa, na hapo nilimlisha mimi, naye, mgonjwa wa kufa, alinikosoa namna ninavyoshika kijiko. Jumamosi ya tarehe 6 Mei mwaka huu 2023 nilimwona ana hofu, si ya kufa, aliniogopea mimi, akanishika huu mkono uliojikunja, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, utabaki na nani?" Nilikuwa na jibu, lakini ulimi ulikwama, mama akangoja, kama alivyoningojea tangu siku ya ule uji, hakunimalizia, ila dawa ilikuwa na nguvu kuliko yeye, akasinzia kabla neno halijatoka, na hakuzungumza tena. Alifariki Jumanne tarehe 9 Mei, alfajiri, dada yangu akiwa kando yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomwondolea maumivu na kutuambia ukweli bila kutuficha, majirani mliochota maji na kulala kwetu zamu kwa zamu, wenzake wote wa kazi pamoja na Bwana Mazoezi, meneja wangu wa kiwanda aliyenipa ruhusa na kuleta mikate ya msiba, na ninyi akina mama na akina baba mliokuja na watoto wenu, wengine sasa ni watu wazima wenye ndevu, mnaotembea, mnaosukumwa, mnaoburuta mguu kama mimi. Tumewaona, na tunajivuna kwamba mama yetu aliwahi kukaa chini jikoni kwenu.

Mama, jibu lilichelewa njiani, lakini limefika. Leo nimeamka peke yangu chumbani kwangu, nimechemsha chai nikanywa, nimeoga, nimepiga pasi shati hili na vifungo vyote nimefunga mimi, cha juu kimenitesa lakini kimekubali, nimefunga mlango, ufunguo uko mfukoni, nikaja kwa miguu yangu kukusomea, na nimesoma mpaka mwisho.

Nimebaki na mimi, Mama. Sasa pumzika, kwa amani yote.