Mzee Msumari na Viatu Vilivyorudi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza Marehemu, wasifu huu unasomwa na binti yake mkubwa kwa niaba ya familia. Marehemu hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa akiwa hai, na hatutaanza leo. Mtasikia alivyoishi na mtasikia kilichomkasirisha, maana kwake mambo hayo mawili hayakuachana. Familia nayo imekasirika, na haitaficha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mwendesha mkokoteni wa kiwanda cha matofali. Walikaa chumba kimoja nyuma ya tanuri, ambako ukuta ulikuwa wa moto hata msimu wa baridi. Baba yake alipakia matofali kwenye mkokoteni wa farasi na kuyapeleka stesheni ya reli. Njiani kulikuwa na kilima kimoja tu, lakini kilikuwa kibaya, na msimamizi wa kiwanda alikuwa akizidisha mzigo kila mara kana kwamba anatafuta mwisho wa mnyama uko wapi. Marehemu alikuwa na miaka saba alipouona mwisho huo kwa macho yake. Farasi alipiga magoti katikati ya kilima. Msimamizi akamchapa kwa kipande cha waya mpaka akaacha kutikisika, kisha akamgeukia baba yake na kusema, "Mfungue huyo, lete mwingine. Treni haimsubiri mtu." Baba akamfungua, akaleta mwingine. Jioni hakugusa chakula, na mkewe alipomuuliza ana nini, alijibu kwamba ana vumbi kooni. Marehemu alitusimulia kisa hiki maisha yake yote, na hakuwahi kuliruka hilo vumbi.

Mwaka 1959 alianza masomo katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli. Huko ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu mnamjua kwalo. Alikuwa na tabia ya kuokota misumari iliyodondoka kwenye viatu vya farasi barabarani ili isimchome mtu wala mnyama, na kuitia kwenye mfuko wa kaptula. Mfuko wenyewe ulikuwa na tundu. Asubuhi moja mwalimu mkuu aliingia na baiskeli yake uani, gurudumu la mbele likapiga kelele ya kutoa upepo, na la nyuma likafuata. Akaitazama ile njia ya misumari kutoka getini hadi mlango wa darasa la tatu.

"Wewe msumari wewe! Simama!"

"Mwalimu, naiokota ili watu wasikanyage."

"Basi umeiokota huko na kuniletea mpaka ofisini!"

Darasa liliangua kicheko, na jina likamganda. Alipokua akaitwa Mzee Msumari, hata na watu waliomzidi umri. Aliacha shule mwaka 1966, mgongo wa baba yake uliposhindwa kuendelea na kazi.

Mwaka huohuo aliingia kujifunza kazi ya kuvisha farasi viatu katika karakana ya zizi kubwa lililo nyuma ya uwanja wa mbio. Wengi mnaijua karakana ile: mlango wa mabati, fuawe juu ya gogo, mvukuto uliotiwa viraka, na harufu ya kwato zinazoungua ambayo haitoki kwenye nguo kwa sabuni yoyote. Kiatu alikipasha moto, akakipima kwenye ukwato, akakirudisha motoni, akakipima tena, na hakugonga msumari hata mmoja mpaka kiatu kikae kama kimezaliwa na mguu. Kila kiatu alikitia alama ya mkato mdogo wa patasi upande wa ndani wa kisigino. Alipomvisha farasi mkali, alimnong'oneza mambo ya nyumbani. Mafundi wenzake wanasema kulikuwa na farasi waliojua habari za ndoa yake kuliko wakwe zake.

Ndoa yenyewe ilifungwa tarehe 14 Agosti 1976. Mke wake, ambaye leo ni mjane, ni fundi wa matandiko. Walikutana alipompelekea tandiko likafumuliwe na kushonwa upya. Mama alifungua bitana, akakuta damu iliyokauka tabaka juu ya tabaka, akamwambia, "Wewe bwana, hili tandiko limemla mtu." Marehemu akamweleza kwamba vidonda vya mgongoni zizini vilifutwa na kupakwa rangi ya viatu kabla ya mbio ili wakaguzi wasivione, na wakaguzi nao walikuwa wamevaa miwani ya mbao. Mama alisema hapo ndipo alipompenda, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza pale kutaja jambo lile kwa jina lake. Ila posa haikwenda kirahisi. Siku ya kwanza alipokanyaga ukumbini kwao, bibi yetu alipaza sauti kutoka jikoni, "Nani huyo anaunguza nywele?" Alirudishwa akaoge, akaoga, akarudi, na bibi akauliza swali lilelile. Mara ya tatu walimzoea.

Sasa tufike pale ambapo wengine mngependa tuparuke.

Katika kazi ya kwato kuna kanuni moja ambayo mwanafunzi huijua kabla hajashika nyundo. Farasi aendaye kupumzika malishoni huvuliwa viatu, kwani kwenye majani laini ukwato unataka kupumua, na chuma ni cha kazi. Mwenye zizi alipokuwa akiwatoa farasi waliochoka na mbio, aliwaambia watu kwamba wanakwenda kustaafu kwenye malisho yake mbali na mji. Ofisini alitundika picha ya malisho hayo, majani mpaka magotini. Lakini farasi walipakiwa kwenye lori wakiwa na viatu. Marehemu alipouliza, alijibiwa kwamba lori lina haraka na huko kuna fundi wa kuvivua. Akaamini. Alikuwa mtu mkweli, na mtu mkweli hudhani wenzake nao wana soni.

Mwezi wa Mei 1994 alikwenda kwa muuza vyuma chakavu kutafuta chuma cha kufulia. Akafungua gunia. Ndani mlikuwa na viatu vya farasi, na kwenye visigino vyake kulikuwa na mkato wa patasi. Juu kabisa kulikuwa na kiatu cha nyuma cha kulia kilicholika upande mmoja. Hicho kilikuwa cha farasi aliyeitwa Kiburi, aliyeburuta ncha ya ukwato, na ambaye Marehemu alimvisha tangu alipokuwa mdogo. Kiatu kinachovuliwa na fundi hutoka kisafi, misumari imenyooshwa kwanza. Hiki kilikuwa kimeng'olewa kwa mtaimbo, misumari ingali ndani, na kipande cha ukwato kimekishikilia.

"Vinatoka wapi hivi?" aliuliza.

"Machinjioni, mzee. Wananiletea kila wiki," alijibu muuza vyuma. "Kaa basi, nikupe maji."

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwenye zizi, akaweka kile kiatu juu ya meza, chini ya ile picha ya malisho. Mwenye zizi hakushtuka hata kidogo.

"Fundi, farasi ni mali yangu. Kazi yako inaishia kwenye kwato."

"Leo imepanda mpaka kichwani," Marehemu alisema, akatoka na kisanduku chake cha zana.

Baadaye alikwenda machinjioni kujionea. Hatutasoma hapa yote aliyoyaona, kuna watoto. Tutasema tu kwamba farasi mwenye mguu uliovunjika alishushwa kwenye lori kwa mnyororo, kwamba waliobaki walisimama foleni wakimtazama wa mbele, na kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikuwa wakicheka. Miongoni mwao kuna waliofika hapa leo na kushika mkono wa mjane. Mjane aliwapa mkono kwa sababu ana adabu. Wasidhani ni kwa sababu amesahau.

Watu walimcheka. "Binadamu wana shida, wewe unalilia farasi?" Kwenye ofisi za mji, alikokwenda kushtaki, alizungushwa mlango huu na ule. Afisa mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba anatafuta umaarufu. Marehemu akamjibu, "Kwani ukimhurumia mmoja huruma inaisha? Kama yako ilikwisha, sema." Alivigongomea vile viatu vya kwenye gunia kwenye uzio wa machinjio, kimoja kimoja, na kila vilipong'olewa alivirudisha. Alipigwa pale getini mara mbili. Mara ya pili alirudi nyumbani na jino mkononi, akamwomba mama chai kwanza, ndipo akaeleza.

Kilichowashinda hatimaye wenye mazizi na machinjio hakikuwa uzio. Marehemu aliwapitia mafundi wa kwato wote wa mazizi ya mji, karakana kwa karakana, na wakakubaliana jambo moja. Fundi aliyemvisha farasi viatu ndiye atakayevivua siku mnyama anapostaafu, na atakwenda naye mpaka amwone amesimama malishoni. Mwenye zizi asiyetaka hivyo, ajivishie mwenyewe. Msimu ule mbio zilikaribia, kwato zikarefuka, viatu vikalegea, na wakubwa waliozoea kuitwa bwana wakaonekana wakibembeleza watu wenye aproni za ngozi. Mmoja alijaribu kugonga msumari kwa mkono wake na farasi akamrusha ndani ya pipa la maji. Marehemu aliliona hilo, na tunaweza kusema lilimrefushia maisha. Mwaka 1997 machinjio yalifunga mlango wa farasi, na mazizi yote yakakubali sharti.

Yote isipokuwa moja. Mwenye zizi lile la nyuma ya uwanja alileta mafundi kutoka mbali, na malori yake bado yanaondoka kwenda machinjio ya mbali, tena sasa yamefunikwa turubai.

Marehemu alianza kuugua kifua mwishoni mwa mwaka 2021. Madaktari walisema ni moshi wa miaka mingi. Alilazwa mara kadhaa, kisha akaomba arudishwe nyumbani, kwenye kitanda kilichoelekea dirisha la karakana yake ndogo ya uani. Aprili mwaka huu aliletewa habari kwamba Bi Harusi ameandikiwa safari ya lori. Bi Harusi ni farasi jike mweupe wa zizi lile. Kiatu chake cha kwanza maishani alivishwa na Marehemu katika karakana hiyo ya uani, kabla mwenye zizi hajamnunua, na kwa miaka mingi amevuta gari la kukodishwa la arusi na mazishi bila kumpiga mtu teke. Sasa ni mzee, anachechemea, na mwenye zizi anasema analipia majani bure.

Mwenye zizi alikuja kumtembelea mgonjwa na kikapu cha matunda. Marehemu hakutazama matunda. Alimshika mkono wa koti na kumwambia, "Nikabidhi Bi Harusi. Sina lingine nililowahi kukuomba."

"Ugua pole kwanza, fundi," alijibu yule. "Hilo tutaona."

Alipotoka, Marehemu alimwita mama na sisi watoto. Alikuwa na pumzi kidogo na hakuipoteza. "Msikubali apande lile lori na viatu," alisema. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho tuliyoyaelewa. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, mama akiwa amemshika mguu, kama yeye alivyokuwa akishika miguu ya wengine.

Siku iliyofuata mwenye zizi alipiga simu. Kwa heshima ya fundi wake wa zamani, alisema, atatoa bila malipo gari la mazishi, livutwe na Bi Harusi, na picha zipigwe. Sisi watoto tulipandwa na hasira, tukataka kumkatia simu. Mama ndiye aliyetunyamazisha. "Mwacheni amlete," alisema. "Ila yeye mwenyewe aje, na aketi mbele."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mmoja, na mafundi wa kwato aliowafundisha, ambao mnawaona wamesimama kule nyuma wakiwa wamevaa aproni zao za kazi. Hawakusahau kuzivua. Ameacha pia farasi jike mmoja mweupe, na familia inamtaja hapa kati ya walioachwa bila kumwomba mtu radhi. Amefungwa pale getini, na amekuja na viatu.

Familia ilimwandikia mwenye zizi kumwomba tena alichoombwa kitandani. Mpaka wasifu huu unakwenda kwa mchapaji, jibu lake lilikuwa lilelile, kwamba tutaona. Basi leo tuone sote. Sanduku la zana la Marehemu liko wazi kando ya jeneza, na koleo la kuvulia viatu liko juu. Jeneza halitashuka mpaka Bi Harusi awe amevuliwa viatu vyote vinne, na jioni ya leo analala kwetu, uani, chini ya dirisha lile. Mwenye haki ya kusema hapana yuko mstari wa mbele. Asimame aseme, tumsikie, mbele ya Marehemu.

Yeye apumzike kwa amani, amefanya kazi yake. Sisi tutapumzika baadaye.