Glasi ya Pili: Historia ya Mwenyeji wa Mihadhara

Ndugu waombolezaji, nasoma mimi, mama watoto, kwa sababu shemeji zangu walioombwa kusoma walianza kulia kabla ya mstari wa tatu, na kazi lazima ifanyike.

Mume wangu, ambaye wengi wenu mnamjua kama Mzee Glasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mama muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mahali ambapo, kwa maneno yake, ukitaka kusema neno ulisubiri kwanza ndugu zako wote wamalize.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na sekondari hadi 1975, akiwa mtu wa katikati, si wa kwanza wala wa mkia, isipokuwa kwenye midahalo, ambako alitunza muda kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekuwa na saa, ya baba yake, nayo ilikuwa inachelewa.

Tarehe 1 Februari 1979 aliajiriwa chuoni kama karani wa masjala, tukafunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981, tukajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti ambaye ni mkutubi hapo hapo chuoni, wa pili fundi umeme, na wa tatu mwalimu.

Mwaka 1988 alikabidhiwa mihadhara ya wazi, yaani kualika wageni waje kuzungumza ukumbini kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kuwapokea stendi, kupanga viti, kujaribu kipaza sauti, na kuhakikisha wapo watu wa kuwasikiliza, kwa sababu mgeni akikuta viti vitupu aibu ni ya mwenyeji, na ndiyo maana mimi, watoto, na hata fundi viatu wa getini, tumesikiliza habari za minyoo, madaraja na sheria za mirathi bila kuuliza.

Mwaka ule ule mtaalamu wa nyuki alizungumza mpaka jiko la chuo likafungwa, wanafunzi wakalala njaa, na mkuu wa chuo wa wakati huo alipomuuliza kwa nini hakumkatisha, marehemu alijibu kwamba kwao mgeni hakatishwi maneno, akaambiwa basi atafute njia au mihadhara ife. Njia aliyoipata ilikuwa maji, kwa kuwa hakuna anayekasirika kwa kuletewa maji, akawa anawaambia wageni mapema, wakati wa chai, kwamba glasi ya kwanza ni ya koo na ya pili ni ya kwaheri. Maprofesa walikunywa wakafunga hotuba, mkuu wa polisi alikunywa akafunga, na mshairi mmoja aliyeisukuma pembeni alimkuta marehemu bado amesimama pale pale, glasi mkononi, anatabasamu, mpaka ukumbi ukacheka na mshairi naye akanywa. Nyumbani pia, nikigomba sana, glasi ililetwa, na sikuifurahia.

Alistaafu mwaka 2017, chuo kikamwomba aendelee na mihadhara, lakini mwaka 2019 figo zilianza kushindwa, daktari akaanza kumpimia maji, yeye aliyewapimia wenzake, na kufikia mwisho wa Januari 2023 alikuwa amelazwa hospitali, hawezi tena kutoka kitandani. Wageni wawili waliofuata walizungumza bila kuzuiwa na mtu, watu wakaondoka mmoja mmoja, na mkuu wa chuo wa sasa akasema mhadhara wa Aprili ukiharibika utakuwa wa mwisho. Ugonjwa alikuwa ameshaukubali, hilo hakulikubali, hakulala, na sisi hatukulala.

Alimwita binti yetu, ambaye tangu utotoni ni mwoga wa watu, akamwomba ampelekee mgeni wa Aprili glasi ya pili, naye akasema, "Baba, mtu mzima kama yule siwezi kumfukuza mbele za watu," marehemu akamjibu, "Sikutumi ukamfukuze, mama, nakutuma ukampe maji." Tarehe 27 Aprili 2023 mgeni alikuwa jaji mstaafu mwenye sauti ya ngurumo, na muda ulipotimia binti alipanda jukwaani na glasi, akaisukuma mbele ya mgeni kwa haraka, nusu ya maji ikamwagika kwenye karatasi za jaji, jaji akamtazama, akasema, "Haya, nimehukumiwa," akanywa iliyobaki, akamaliza, watu wakapiga makofi, na mkuu wa chuo akatangaza mgeni wa Mei papo hapo.

Binti alikwenda moja kwa moja hospitali, baba yake akauliza neno moja tu, "Alikunywa?" akajibiwa, "Alikunywa, baba, nusu nyingine nimemmwagia," akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, kisha akalala, na tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za chuo. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 3 Mei 2023, bila kuhangaika, mimi nikalia, kisha nikapumua, na waliowahi kuuguza watanielewa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotupikia na kutufulia bila kuitwa, wafanyakazi wenzake chuoni, na fundi viatu, ambaye hakukosa mhadhara hata mmoja. Kuna mengi ya kusema, lakini binti yangu amekaa mstari wa mbele na jagi, na nimeshakunywa glasi moja.

Baba watoto, mgeni wa Mei ameshapatikana, na wa kumpelekea maji yupo. Umemaliza vizuri, lala sasa.