Gauni la Wegesa

Ndani ya basi, mbele yangu alikaa Wegesa, amekonda, gauni la maua likimpwaya hata akalikusanya kiunoni kwa ngumi. Alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, Mwanamvua, fundi cherehani wa Mugumu, jinsi alivyokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda vya tumbo.

"Shukuru, dada. Umepona."

"Nimepona, mama. Lakini matonge mawili tu nimeshiba. Zamani nikikaa kwenye kigoda, kinalia!"

Mwanamvua akacheka. "Niletee hilo gauni nilipunguze."

"Hapana. Nikiwa hospitali, watu wetu walihamishiwa kijiji kipya. Nyumba yangu siijui, na mwili huu wao hawaujui. Gauni wanalijua. Nitalijaza tena."

"Usipolijaza je? Si huu ndio mwili wako sasa?"

Mwanamvua mwenyewe alijaza kiti kimoja na nusu, kwa hiyo kwake lilikuwa swali jepesi.

Basi likasimama Nyambureti, kijiji hicho kipya. Wegesa akafungua ngumi, gauni likatanuka lote, akashuka. Binti mdogo kando ya barabara akaliona, akaja mbio akiita, "Mama!" Alipokaribia na kuuona uso, akapunguza mwendo.